Uso Uliokosa Jiwe

Mwanangu mpenzi,

Jumatatu nilikuwa Bunda, nasukwa saluni. Kwenye tivii wakaonyesha watu wanapasua mawe ya chokaa taratibu. Ndani mna alama za viumbe wa baharini wa zamani sana, hawana mfupa wala gamba, mwili wote laini kama uji uliopoa. Mtangazaji akasema alama hizo ni nadra, maana kitu laini kinaozaga kikapotea, mfupa ndio unabaki. Ila hawa walifunikwa na tope haraka, tope likawa jiwe, umbo lao likabaki humo mpaka leo.

Dada anayenisuka akasema, "Jiwe linatunza uji, na mume wangu kutunza namba yangu ya simu tu kunamshinda." Watu wakacheka. Mimi nikainama.

Nilikuwa nakuwaza wewe. Nikikuogesha kwenye beseni pale Makoko, utosi wako ulikuwaga unadunda chini ya kidole changu, kama una moyo mwingine kichwani. Jua likikugusa unapiga chafya, baba yako anakujibu, "Pole, mzee." Nilitaka kukupiga picha. Bibi yako akanizuia: "Mama, mtoto hapigwi picha utosi haujakaza. Ngoja kwanza akomae." Tukangoja. Homa haikungoja.

Tulikuzika kijijini Bukima, picha hatuna hata moja. Watu wakawa wananiambia, "Utazaa mwingine." Hakuna aliyeniuliza ulikuwa unafananaje.

Sasa uso wako unanipotea, mwanangu. Nikifumba macho naiona kofia, naiona shali, katikati hamna mtu. Mimi ndiye niliyekubeba, alama yako ilitakiwa ibaki kwangu, lakini mimi si jiwe. Nasahau. Baba yako nikimuuliza anatoka nje. Kuna siku naona heri nisingekuzoea.

Jana nikamuuliza bibi yako. Nilijua atanigombeza. Akaacha dagaa aliokuwa anachambua, akasema, "Sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika hapa juu, hivi. Kama la marehemu babu yake." Akanishika langu kunionyesha.

Nililia sana, maana nilikuwa nimeshalisahau kabisa.

Basi, sikio ninalo. Pua bado naitafuta.

Lala, baba. Ni mimi,
Mama yako