Chupa Mezani kwa Citoyen Ngoy

Kalemie, 9 Juni 1987

Mama Sakina,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, mtoto wetu na wazee wote wa hapo Nyunzu. Mimi mzima, ila nyumba bila ninyi imekuwa ya panya.

Nimepata kazi! Mwambie baba yako kabla hujaendelea kusoma. Alisema nikifika Idi ya kuchinja bila kazi, hamrudi kwangu tena. Basi nimemuwahi.

Camille, jirani yetu anayefanya kazi kwenye treni, aliniambia kuna depo inatafuta mtunza stoo. Nilidhani ni ya unga. Kuingia, naona makasha ya bia yamepangwa hadi kwenye mabati. Ningegeuka, lakini diploma yangu imechanika mikunjo kwa mwaka mzima wa kuizungusha mjini. Nikakaa kwenye benchi.

Mkubwa wa depo, Citoyen Ngoy, hata hakuitazama diploma. Aliniuliza, "Unakunywaka?"

"Hapana, patron. Miye muislamu."

"Muislamu ya jina ao ya kusali kweli?"

"Ya kusali."

Akafungua chupa ya bia, akaiweka mbele yangu, akatoka na kufunga mlango. Nilikaa nayo karibu saa nzima. Jasho lilinitoka, naogopa nisije nikaipiga kiwiko ikamwagika, nikaambiwa nimeonja. Aliporudi aliinama, akaichungulia shingo ya chupa.

"Njo weye nilikuwa natafuta," akasema. "Batu batatu banikunywia depo. Saa za kusali nitakupatia, na Ijumaa utatoka mbele ya saa sita. Lakini siku utaacha kusali, na kazi utaacha."

Nilicheka njia nzima. Kwingine wamenifukuza kwa sababu ya Ijumaa, huyu kanichukua kwa sababu hiyo hiyo. Sitakunywa, Mama Sakina, nitahesabu makasha tu. Camille anakuletea kitenge na barua hii. Njooni na treni ya kwanza.

Ni mimi, Papa Sakina


Nyunzu, 21 Juni 1987

Papa Sakina,

Wa alaikum salaam. Sisi wazima. Sakina anasimama sasa, ameshika ukuta, anajicheka mwenyewe. Wazee wanakusalimu.

Barua yako Baba aliisoma mbele yetu sote. Kwenye habari ya kazi alisema alhamdulillahi. Kwenye makasha aliikunja barua, akaenda kunawa mikono.

Anasema anayepanga bia ni sawa na anayeinywa, na mjukuu wake hatakula mshahara huo. Kitenge anakurudishia kwa Camille. Anasema kama una dini kweli utaiacha kazi hiyo, na mtoto wa mwalimu wa msikiti hawezi kuishi na mtu wa pombe. Hivyo ndivyo ninavyopaswa kukuandikia.

Mama Sakina


Kalemie, 5 Julai 1987

Mama Sakina,

Assalamu alaikum. Afya yangu nzuri, nashukuru. Na zenu?

Nimeiacha kazi. Nilimwendea Citoyen Ngoy asubuhi, nikamrudishia funguo mkononi. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Lakini kusali sikukukataza!"

Nikamwambia najua. Akasema, "Basi enda." Saa nne benchi lilikuwa limejaa watu wengine. Camille ananisalimu kwa kichwa tu, ananiona mwendawazimu.

Nimefanya ulivyotaka. Mweleze Baba. Alhamisi treni ikifika nitakuwa stesheni.

Papa Sakina


Kalemie, 20 Julai 1987

Mama Sakina,

Assalamu alaikum. Je, mnaumwa? Treni mbili zimefika. Nimesimama mpaka mtu wa mwisho ameshuka. Nijibu hata neno moja.

Papa Sakina


Nyunzu, 30 Julai 1987

Papa Sakina,

Wa alaikum salaam. Hatuumwi. Sakina anatembea, hashiki ukuta tena.

Barua hii Baba hajaisoma. Barua zangu zote za nyuma alizisoma kabla sijafunga bahasha, na ile ya Juni alikaa pembeni yangu akiniambia la kuandika.

Ulipoacha kazi, aliisoma barua yako msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Watu walitoa machozi. Alikuombea dua ndefu, jina lako na la marehemu baba yako. Kisha tulipofika nyumbani akasema, "Yule muntu ana dini. Lakini kazi hana, na Idi njo hii." Kuna fundi cherehani wa Kabalo, amefiwa na mke, amekuja mara mbili kuniulizia. Baba anasema mtu mwenye dini kama wewe hatakataa kuandika talaka akiombwa kwa adabu. Karatasi ya talaka imo humu ndani, ameiandika Baba kwa hati nzuri. Pa kutia mkono, pa sahihi yako, ni chini.

Uliniandikia, "Nimefanya ulivyotaka." Nimekasirika, Papa Sakina, nimelia mpaka nimechoka. Yale yalikuwa maneno ya Baba, mimi nilishika kalamu tu. Camille alikuwa anakuja hapa kila wiki. Ungemtuma aniulize mimi, kwa mdomo. Ningepanda treni, ningeula huo mshahara, halafu tungemwomba Mungu msamaha pamoja.

Hukuniuliza. Kesho Baba atauliza kama nimeituma karatasi, nami nitasema ndiyo. Tia mkono, umpe Camille.

Bado ni mimi, Mama Sakina