Madawati ya Shule za Bondeni

Kwako kaka mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Mimi mwili haujambo, ila kichwa changu sikielewi.

Juzi mama alinipigia simu, furaha tele. Akasema umeshusha lori zima la mbao, umeongeza vibarua, na mtaa mzima unajua ofisi yetu ya manunuzi ya serikali imekupa kazi ya madawati ya shule. Nikaduwaa. Kazi gani tena jamani? Kakupa nani?

Kaka, nilipokuja karakanani na mwenzangu, tukakuuliza bei na unaweza kutengeneza mangapi, ule ulikuwa utafiti wa soko tu. Kabla ya kutangaza zabuni tunawazungukia mafundi na wenye viwanda kuuliza kilichopo, tusije tukaagiza kitu tusichokijua. Fundi wa pale stendi naye tulimuuliza yaleyale. Kumbe mimi nauliza, wewe unaona nimeagiza! Wala sikulaumu, serikali ikija mlangoni kwako kuuliza bei, utaelewaje? Lakini nilikwambia hatuahidi kitu. Au sikukwambia? Wallahi sikumbuki. Wifi alileta chai, tukaingia kwenye mambo ya nyumbani.

Sasa nikwambie lililo zito. Nilikuuliza pia kuhusu shule za bondeni, kule maji yanakoingia hadi darasani. Ukanijibu bila kusita: "Huko mbao itaoza miguu. Ningekuwa mimi, ningenunua ya chuma."

Jana kwenye kikao mkubwa wangu, ambaye anajua wewe ni kaka yangu, aliuliza mafundi wanasemaje. Nikawasomea majibu yote. Lako ndilo lililowashawishi. Wakakubaliana zabuni itangazwe ya madawati ya chuma, shule zote, si za bondeni tu, ili yawe ya aina moja, kisha wakanipongeza. Nilikwenda chooni nikalia, na mpaka sasa sijui nilikuwa nalia nini.

Maana mama alikuwa ameshanipigia, kaka. Habari za lori nilikuwa nazo. Ningeweza kuliruka jibu lako na asingejua mtu. Nililisoma. Nimekuponza, au nimefanya kazi yangu? Nijibu wewe, mimi nimeshindwa.

Mbao usizikate kwanza. Mwenye duka aliyekuuzia huenda akazipokea zikiwa nzima. Mama bado sijamwambia. Nisalimie wifi, wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Bi Maswali