Familia ya Kwanza kwa Boma ya Koko

Jumamosi

Na huyo baba eti amesoma! Mimi niliacha shule darasa la saba, lakini hata mimi siwezi kuhesabu mbuzi za mtu mbele yake; kwetu ni mwiko, eti zitakufa.

Nimembembeleza Koko, nyanya yangu, mwezi mzima akubali nilete familia za Kitengela kwa boma yake hapa Mashuuru. Watoto wa huko wanajua bembea za hoteli tu. Leo familia ya kwanza imefika, na kabla ya salamu baba anamsontea kijana wake zizi: "Moja, mbili, tatu! Endelea Brayo, hii ni hesabu!"

Koko akafunga zizi. "Umeniletea mtu wa kuitia mbuzi zangu kifo? Warudi kwao."

Nikaona kazi yangu imekufa. Nikamwambia baba akae kwa gari na digrii yake, nikamwomba Koko aonyeshe watoto vile sisi hujua mbuzi: rangi, pembe, sura. Akanuna, halafu akafungua, akawatajia moja moja zikitoka kwenda malishoni.

Jioni zikarudi. Mimi bingwa nikatangaza zote ziko. Dada mdogo wa Brayo, hata meno ya mbele hana, akanivuta shati: "Ile ya sikio nyeupe haiko."

Kweli, haikuwepo! Tuliipata imenaswa kwa miiba.

Koko alicheka mpaka akakohoa. "Leta wageni," akaniambia. "Lakini huyu msichana akirudi, yeye ndiye mchungaji. Wewe utabeba maji."