Nilivyokosa Likizo kwa Kuosha Motokaa

Njoro,
Jumapili baada ya ibada

Kwa mke wangu mpendwa Rasoa, Mama Jerida,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mimi ni mzima wa mwili, mengine utayasikia. Je, wewe hujambo? Jerida hajambo? Kile kikohozi cha mama kimepoa, au bado kinamwamsha alfajiri? Na paa la jikoni limestahimili? Huku imenyesha mpaka tumechoka hata kuitaja mvua. Mahindi ya bondeni yameoza yakiwa mafupi kama vidole.

Elam ndugu yangu, wewe unayemsomea shemeji yako barua hii, soma polepole na usiruke mahali. Nakujua. Ukifika penye aibu yangu, usicheke kabla hujamaliza sentensi.

Rasoa, najua umekasirika, na una haki. Nilikuahidi kwamba Jumamosi ile nitashuka stesheni ya Luanda, na sikushuka. Nimesikia kwa watu wa kwetu walioko Nakuru kwamba huko nyumbani watu wanasema nimepata mwanamke mjini. Sina mwanamke. Nina kitanda cha kamba, sufuria moja na koroboi inayotoa moshi. Sikuja kwa sababu niliosha motokaa. Ndiyo, ni hilo tu. Naona haya kuliandika, lakini ndiyo kweli, na nitakueleza tangu mwanzo ili uamue mwenyewe.

Wiki moja kabla ya likizo, nilikuwa ninamrudisha Bwana, huyu Mzungu ninayemwendeshea gari, kutoka Rongai. Njiani kuna mto mdogo usio na daraja. Magari hupita juu ya saruji iliyomwagwa chini, na siku zote maji hayafiki hata kifundo cha mguu. Siku hiyo yalikuwa mengi, ya rangi ya chai, tena yanavuta. Nikasimamisha gari. Bwana akasema, "Pita tu!" Basi nikapita. Katikati injini ikanyamaza. Maji yakaingia chini ya milango, yakafika magotini, yakafunika viti. Tulitokea madirishani, Bwana ameweka viatu vyake kichwani, na kama nisingekuwa naogopa kufa ningecheka. Kesho yake ng'ombe wa kulimia wakalivuta gari mpaka nyumbani. Injini haikuwaka tena. Bwana akapanda lori la maziwa kwenda Nakuru kwa watu wa bima. Hao Bwana huwalipa kila mwaka, ili gari likipata ajali wao ndio walitengeneze.

Mimi nikabaki na gari, sikuachiwa neno lolote. Sasa wewe unanijua. Kazi hii niliipata kwa kuosha gari. Bwana huyu hajawahi kunisifu kwa lolote isipokuwa gari kung'aa, na siku likilala na vumbi hanisemeshi mpaka jioni. Nikajiambia, akirudi akute limetakata, moyo wake utakuwa mweupe na likizo yangu ya Jumamosi haitaguswa. Nikaosha siku tatu. Nilitoa viti nikavianika, nikatoa matope kwa kijiko, nikafuta ile alama ya maji iliyozunguka ndani yote. Nikapaka nta. Kila nikisugua namwona Jerida akija kwangu kwa miguu yake, maana Elam aliniandikia kwamba sasa anatembea. Sijawahi kuosha gari kwa furaha namna ile.

Bwana akarudi Alhamisi. Alipoliona gari akashika kichwa.

"Nani naambia wewe osha?"

"Hakuna, Bwana. Nimeona ni chafu."

"Pumbavu! Kesho mtu ya bima nakuja kuona maji naharibu gari. Sasa yeye ataona nini? Atasema injini nakufa uzee tu!"

Akazunguka gari mara mbili akitukana kwa Kizungu. Kisha akasimama, akasema polepole, bila kunitazama, "Rudisha matope."

Mtoni ni mbali na ilikuwa inanyesha. Nikachota kwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba, ndoo kwa ndoo, nikapaka viti vile vile nilivyokuwa nimevikausha. Nilikukumbuka unavyokandika nyumba kabla ya Krismasi, umefunga leso kiunoni na hutaki mtu akusemeshe. Wewe mkono wako unajua. Wangu ulipaka tu, na machozi yalinitoka, usimwambie mama.

Ijumaa mtu wa bima akaja. Ni Mzungu mfupi aliyekuwa akisema Kiswahili kizuri kuliko Bwana. Akafungua mlango, akakwangua kiti kwa ukucha, akanusa.

"Dereva," akaniita, "mto huu ni mto gani, unaobeba mavi ya ng'ombe na maganda ya viazi?"

Akamgeukia Bwana. Bwana akawa mwekundu mpaka shingoni, akasema, "Mimi hapana jua. Huyu boi nafanya mwenyewe."

Rasoa, nimekaa huku karibu miaka miwili na nimezoea kuwa peke yangu. Nakula peke yangu, naugua peke yangu. Lakini hapo, kati ya watu wawili na gari lililopakwa mbolea, nilijua kwamba wakinifunga hakuna mtu Njoro hii atakayethubutu kuuliza nimekwenda wapi. Niliogopa sana.

Nikamwambia yule wa bima, "Bwana, gari nililiosha mimi. Matope haya ni ya bustani, nimeyapaka kwa mikono hii. Lakini maji yalikuwa ya kweli."

"Nani alikuagiza kupaka?"

Nikatazama viatu vyangu. Naye akamtazama Bwana.

Sasa, siku zile tatu kuna mahali pamoja palikuwa pamenishinda, ndani ya milango, nyuma ya ngozi. Kila nilipofunga mlango nilisikia mchanga ukitembea humo, ukaniudhi hata nikakosa usingizi. Nikaomba ruhusa nikaleta bisibisi. Nilipoitoa ile ngozi, mchanga mweupe wa mtoni ukamwagika juu ya viatu vya mtu wa bima, pamoja na majani yaliyooza. Akachukua kidogo, akasugua kwa vidole, akasema, "Huu ndio niliotaka kuuona." Nikafungua na milango mingine. Akaandika kurasa mbili.

Nilifikiri yameisha. Kumbe alipopanda gari lake akamwambia Bwana kwamba dereva asiondoke shambani mpaka wakubwa wake wajibu, maana huenda wakataka kunihoji. Basi Jumamosi, gari la moshi la kwenda Kisumu lilipopita, nilikuwa nimekaa ndani ya motokaa isiyowaka. Nililisikia likipanda kuelekea Molo mpaka lisisikike tena.

Majibu yamekuja wiki hii: watalipa. Bwana amefurahi, hata amenipa koti lake la zamani. Lakini likizo anasema ni gari likishapona, na vyombo vya injini vinatoka Ulaya kwa meli, hakuna ajuaye ni lini. Kwa sasa nabeba magunia ghalani. Na Hezron, mpishi wetu, mzee wa Vihiga anayekuletea barua hii, ndiye mtu pekee hapa ninayesema naye lugha yetu. Mpe chai. Mwulize habari za gari, aliyaona yote kwa dirisha la jikoni. Ingawa najua utasema wanaume hufichiana.

Nisalimie mama, mwambie avae ile sweta asiitunze sandukuni. Msalimie baba mkwe, na dada yangu aliyeolewa Tiriki akija. Wasalimie wanakwaya wote, hasa wa sauti ya nne, ambao nasikia walifurahi nilipoondoka.

Nilitaka kumaliza hapo, lakini kuna neno moja limekuwa kooni tangu juzi. Nilipomwomba Bwana likizo mara ya tatu, alichoka nami akasema, "Kama wewe nataka bibi sana hivi, lete bibi hapa. Nyumba iko." Nyumba ni chumba kimoja, na baridi ya huku ni kali. Sikulazimishi kuja. Hezron anarudi baada ya wiki mbili, kwa gari la moshi la Jumamosi, na nauli yako na ya mtoto iko kwake. Nitakuwa stesheni ya Njoro mapema. Akishuka peke yake, nitampokea mzigo wake, wala sitamwuliza neno.

Ni mimi mume wako,
Zablon, ambaye Jerida bado hajamwona