Tembe Sita Ndani ya Githeri

Shangazi Aoko, nakuandikia huko gazetini nimekaa juu ya debe kando ya sufuria na sijui nianzie wapi. Mimi ni mjane, nauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, karibu na lango la kiwanda huku Mukuru kwa Njenga, na makaa yalipopanda bei jirani yangu Wanja alinifunza ujanja, akaniambia, "Weka tu tembe mbili za maumivu, hizo za kawaida za duka, utaona vile mahindi inaiva mbio," nikaweka, na kweli yakaiva, basi mbili zikawa nne, nne zikawa sita, na hakuna aliyeuliza.

Saa saba wateja wakishakula hulala kwenye nyasi kando ya ukuta, kofia usoni, moshi unapita juu yao polepole, kelele za mashine zinakuwa mbali sana, nami nawatazama hadi nasahau kama niko Nairobi. Mmoja nitamwita Jackton, hupakua mizigo kwenye malori, yeye halali, hukaa nami akinisimulia nyumba atakayojenga kwao, mlango ukitazama jua la asubuhi, na mimi ndani yake, nami huona hata pazia la samawati likipepea. Hula sahani mbili kila siku, "Nikikula kwako, Warigia, hii mgongo inanyamaza," na bega likimsumbua humeza tembe zilezile mbele yangu, tatu kwa mpigo, nami namletea maji ya kumezea. Juzi nikaona weupe wa macho yake umegeuka manjano, na jana hakumaliza hata sahani moja. Nikimwambia ataniona mchawi, aniache, na nyumba ile yote iyeyuke. Nifanye nini?

Warigia, Mukuru kwa Njenga

Warigia, ndoto yako ni tamu, hata mimi nimeingia humo kidogo nikalipenda hilo pazia. Sasa toka.

Umemlisha mtu dawa bila kumwambia, kisha ukamletea maji ameze nyingine. Hukukusudia, naamini, na Wanja wako si wa kwanza kufundisha ujinga huo. Lakini dawa haiishi nguvu kwa sababu imechemshwa, mama. Hakuna ajuaye sahani moja imebeba kiasi gani, na ikizidi mwilini huharibu ini kimyakimya, mtu akiwa bado anakusifia mapishi. Manjano ya macho huenda ni hilo, huenda ni jambo lingine. Wa kusema ni daktari, si mimi wala wewe.

Sikungoja gazeti lichapwe. Nimepiga mara nne namba uliyoandika nyuma ya barua, haipatikani. Kwa hiyo kama ndiyo kwanza unasoma, mwaga hiyo sufuria. Mtafute Jackton popote alipo, mpeleke hospitali leo, na ubebe pakiti ya dawa. Mwambie daktari zote, za sufuriani na za mfukoni mwake, na tangu lini. Najua huwezi kumwambia daktari bila Jackton kusikia, ndiyo maana utamwambia yeye kwanza, mkiwa njiani. Wateja wengine nao uwaambie, hata wakitukana. Mahindi na maharagwe loweka usiku kucha kama mama yako alivyokuwa akifanya.

Unaogopa akijua atakuacha. Huenda akakuacha kweli, na utalia. Afadhali awe hai mahali fulani, amekununia.