Jina Nililomwambia Kazadi Mgodini

Mjukuu wangu Ngalula,

Barua yako imenifikia hapa Dilala. Mama yako amejifungua salama, mtoto wa kike. Mimi napumua, ingawa nyumba imekuwa kimya tangu bibi yako alipotutoka.

Unauliza kwa nini sijarudi kwetu Kasai hata mara moja.

Nikiwa kijana, udongo uliporomoka mgodini ukatufungia wawili, mimi na Kazadi, mtu wa kambi nyingine. Taa ilipozimika akasema, "Tata, tuambiane bamama yetu. Mwenye kutoka apeleke habari." Mama yake, alisema, alimwamini mbuzi kuliko mumewe. Tulicheka. "Na wako?"

Mimi nilipata kazi kwa kitabu cha kazi cha binamu yangu Mbuyi, aliyefariki njiani tukija huku, nikajiita kwa jina lake. Sikuwa nimetuma habari ya kifo chake nyumbani. Hata mle gizani niliogopa kufukuzwa. Nikajibu, "Mi ni Mbuyi, mutoto ya Mama Meta."

Tulitolewa sote. Kazadi alimaliza mkataba, akarudi Kasai, akamtafuta shangazi yangu Meta, akamwambia mwanawe ni mzima. Msafiri mmoja alinisimulia kwamba tangu siku hiyo shangazi alifagia nyumba ya Mbuyi kila asubuhi.

Kila nilipofunga mizigo, nilimwona akilini akinipokea, kisha akitazama nyuma yangu. Nikafungua mizigo. Sasa naye amefariki, na wa kunipokea hayuko.

Mtoto nitambusu kwa niaba yako hadi utakapokuja.

Ni mimi Kabeya, unayeniita Babu Mbuyi.