Bwana amenijengea douche, lakini mwili yangu ilipona kule mutoni

Mama Eugénie, nakusalimia weye na bote benye kutengeneza gazeti yetu ya parokia. Minye ni Kabedi, mama ya Elikia, niko na miaka makumi mbili na tatu, tunaishi Kikula, masomo niliacha mwaka ya tano ya primaire, kwa hiyo utanisamehe maandiko. Naona benye kukuandikia banaficha jina. Yangu usiifiche, siko na haya nayo tena, haya nilionaka ya kutosha.

Maneno ilianza na armoire, kabati ya nguo. Baada ya pillage ya 1991, pale basoda na bantu baliiba ovyo, bintu ya manyumba ya bakubwa ilijaa ku soko, na bwana yangu Gaston akanunua armoire ya milango mbili, mumoja uko na kioo toka juu mpaka chini. Zamani tulikuwaka na kioo ya kunyolea ndevu tu, unaona jicho, unaona shavu, basi, hata siku moja nilikuwa sijajiona muzima. Siku ya kwanza nilifurahi. Kisha nikazaa Elikia, na asubuhi moja nikasimama mbele ya ile kioo nikaona kitovu yangu imehama, imeenda kushoto, na tumbo imeifuata, na kiuno ya kuume iko chini kuliko ingine, na toka siku ile sikuona tena kintu kingine. Nilikuwa naenda ku kioo kabla ya kuwasha moto, na kisha kuwasha moto, na kisha kunyonyesha, nikakamata uzi nikapima toka kitovu mpaka kiuno, huku na huku, nikafunga fundo, kesho yake napima tena, naona inazidi kuhama, nikaanza kuvaa bikwembe bitatu bya kujifunga hata jua ikiwaka, nikaacha kwaya, nikaacha kupeleka mutoto kupimwa ku kilo, sababu pale bamama banakaa karibu-karibu, na Gaston nikimuuliza «Tumbo yangu haiende upande?» anasema «Hapana, mama», na minye nafikiri ananihurumia tu. Ku ukuta tulikuwa na kalendari ya kutangaza bière, pombe, bibi mumoja anacheka, tumbo yake sawa sahani, na kila siku nilikuwa najilinganisha na yeye.

Mwaka jana maji ikakatika ku robinet, mwezi moja, mbili, basi tukazoea kushuka mutoni. Huko iko desturi moja, lazima uijue. Bikwembe byetu karibu byote tulikwisha kubadilisha na unga, mama anabakia na kimoja ao bibili, kwa hiyo siku ya kufua unafua hata kile ulivaa, unakianika ku majani, na unangoja kikauke. Unangoja sawa vile ulizaliwa. Tuko bamama kumi, kumi na mbili, na banaume hawapiti ile njia mpaka saa sita, bote banajua. Tunakaa ku mawe, tunanyonyesha, tunasukana nywele, tunazungumza unga.

Minye majuma tatu nilioga na kikwembe mwilini, nikarudi nacho nyumbani kikitona maji, mutoto akakohoa. Mpaka Mama Émérence, mwenye kuuza chumvi, muntu ya sauti, akaniita mbele ya bote.

«Mama Elikia, unaogesha muntu ao unaogesha kitambaa?»

«Niacheni. Niko na kilema.»

«Kilema wapi? Miguu nimehesabu, iko mbili.»

«Ku tumbo.»

«Leta tuone. Hapa tuko bote badaktari.»

Mama Eugénie, sijui nilipata wapi nguvu, nikafungua. Bakakuja bane, bakanizungusha, Mama Émérence akapiga magoti sawa muntu mwenye kutafuta sindano, anasema «Wapi?», nasema «Hapa», anasema «Hapa wapi?», mwingine anasema kitovu iko mahali yake, mwingine anasema labda kiuno, labda, kama ulilala vibaya, na Mama Émérence akasimama akanionyesha yake, alipasuliwa mara tatu, tumbo imeshonwa sawa gunia, akasema «Hii njo imehama, yako iko palepale», na akarudi ku jiwe yake kuendelea na maneno ya unga. Bote bakanisahau. Nikabaki nimesimama uchi na baridi ya mwezi wa sita, na hakuna hata mumoja mwenye kuniangalia.

Ile siku njo nilianza kuona miili. Matiti marefu, mafupi, moja kubwa kuliko mwenzake, mapaja ya mistari ya kuzaa, makovu ya mafuta ya moto, hakuna hata mwili moja yenye kunyooka, na hakuna ile ya kalendari. Na ile miili njo ilizaa Kikula muzima. Nikaona yangu ni ya ukoo yao. Sasa nakaa ku jiwe yangu kichwa juu, najivuna, Mama, sijui kama ni dhambi, na nilirudi ku kwaya, na Elikia anapimwa kila mwezi.

Lakini Gaston hajui haya yote. Anajua tu kama bibi yake anavua nguo mutoni, na dada yake Danielle, wa kikundi cha maombi, alimwambia ni mambo ya bapagani. Basi bwana yangu, majuma mbili kila akitoka ku kazi, akasimamisha mabati nyuma ya nyumba, akanijengea douche, kijumba ya kuogea, na mapipa mbili ya maji anajaza na baiskeli toka chemchemi, na juu ya kunifurahisha kabisa akang'oa mulango ya armoire akaipigilia misumari mule ndani, na kioo yake yote. Akaniita mbele ya majirani akasema «Bibi yangu hataonwa tena na muntu.» Mikono yake ilikuwa na malengelenge. Nikamushukuru, nikalia, akafikiri ni furaha.

Nimeoga mule mara ine. Mara ya ine nilijikuta natafuta uzi.

Nikikataa douche, namuvunja Gaston moyo. Nikiikubali, naogopa yule Kabedi wa zamani atanirudia. Lakini niko na tumaini weye unaona njia.

Kabedi, mama ya Elikia

*

Kabedi mwanangu,

Jina lako nimeliacha palepale ulipoliweka, na nimejivuna nalo. Sasa kaa nikugombeze.

Wamama kumi na wawili wanajua kitovu chako kiko wapi, na mume anayekupandishia maji kwa baiskeli hajui kitu. Ulimuuliza mara mia kama tumbo linaenda upande, hukumwambia hata mara moja kwamba unaumwa. Yeye aliona vikwembe vitatu, akaona mke anayejificha, akamjengea mahali pazuri pa kujificha. Alijenga kwa habari uliyompa wewe.

Usiseme tena kwamba ni muto uliokuponya. Mvua zitakuja, maji yatakuwa matope, utafanya nini? Angalia vizuri kilichotokea. Gaston alikuambia uko sawa miezi mingi, haikukusaidia. Émérence hakukuambia u mzuri. Alitazama, hakuona, akarudi kwenye unga wake. Ugonjwa wako unakula maswali, mwanangu, na kila ukiuliza «niko sawa?» umeupakulia sahani nyingine. Tangu leo usimuulize mtu yeyote, hata mimi.

Unauliza kama ni dhambi kujivuna. Mwili umezaa, unanyonyesha, nguo inakauka kwenye majani na wanaume hawapo. Aliyeuumba hakasiriki akisikia kazi yake inasifiwa. Mwalike Danielle ashuke na nguo zake chafu. Atakaa na kikwembe mwilini kama wewe zamani, usimcheke, na umzuie Émérence asianze kumtafutia kilema siku ya kwanza.

Douche usiikatae. Oga humo kila siku na umsifu fundi wake, anastahili. Siku ya kufua utashuka mutoni, na hilo utamwambia wazi, si kwa kutoroka na beseni. Lakini kioo kitoke leo. Usikigeuze kielekee bati, utakigeuza tena, nakujua. Kiende kwa fundi wa nguo, kwake ni chombo cha kazi. Na ikiwa hata hivyo siku moja unashindwa kula ao kutoka nje kwa sababu ya tumbo hilo, nenda kwa masista wa dispensaire, useme unaumwa katika namna ya kuuona mwili wako. Ni ugonjwa, hakuna aliyekuloga.

Yote hayo yanakuja baada ya jambo moja. Mwite Gaston mchana, mlango ukiwa umefungwa. Fungua kikwembe, umwonyeshe kwa kidole pale unapoona pamehama, umweleze toka siku ya kwanza. Asikujibu kitu. Aangalie mpaka atosheke. Kisha mpe Elikia ambebe, wewe uende ukasonge bukari.

Mama Eugénie